Usimlaze Chali kwa Kuogopa Aibu



Leo ni Ijumaa, na najua jioni hii Ngoingwa kutakuwa na nini. Wewe unayesoma Thika pia unajua. Bedsita juu ya bedsita, makomredi kila ghorofa. Pesa ya HELB ikiingia, hata muuza mayai pale kwenye kona anajua. Kwenye grupu ya WhatsApp watu wanachanga mia tatu mia tatu, wanaulizana ni keja ya nani na nani ana spika. Kunaletwa mzinga, unafuata wa pili, na soda ya kuchanganyia. Na wetu wamo. Tusidanganyane. Abdi yumo, Salim yumo, Mwanaisha yumo, yule anayeongoza Tarawehe kwao nyumbani naye yumo.

Sikuja kuwaambia pombe ni haramu. Hilo mlilijua tangu madrasa. Nimekuja na kisa.

Nilipokuwa nasoma huko, niligongewa mlango saa nane za usiku. Nikapelekwa ploti ya pili. Kijana wa kwetu Pwani alikuwa chali kwenye godoro, matapishi shavuni, anakoroma kwa vipindi: anavuta pumzi, kimya, kimya, halafu anavuta tena. Wenzake wanne wamemzunguka, watatu kati yao Waislamu. Nikauliza mmempigia nani? Hakuna. Mmoja akasema, "Tukimpeleka hospitali babake atajua." Walikuwa wamekaa hivyo dakika arobaini. Dakika arobaini wanajadili babake mtu, na mtu mwenyewe anaondoka mbele yao.

Tulimgeuza ubavu, tukambeba kwa shuka hadi kwenye teksi. Alipona, alhamdulillah. Leo ni baba wa watoto wawili na hapendi nikikumbushia.

Wale wanne hawakuwa watu wabaya. Walifanya walichofundishwa. Na aliyewafundisha ni sisi: mzazi, ustadhi, jirani, na kurasa kama hizi zinazoposti video ya binti aliyelewa na kuandika "tazameni kizazi kilichopotea". Tumewafundisha kwamba kujulikana ni kubaya kuliko kufa.

Hebu tuone dini yenyewe inasemaje. Katika Bukhari kuna habari ya sahaba aliyekuwa akiletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (s.a.w.) kwa kosa la kulewa. Siku moja mtu akamlaani. Mtume akamkataza, akasema mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu alipata, lakini laana ilikatazwa. Halafu kuna hadithi nyingine mnayoijua, ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya pombe: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeibeba, anayebebewa, anayeinywesha, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua, anayenunuliwa. Mnywaji yumo, sikatai. Lakini ni mmoja kati ya kumi! Sisi tumemshika huyo mmoja, tena mdogo kabisa, mwenye miaka 19 na mkopo wa serikali, tisa wote tumewaacha. Mwenye nyumba Mwislamu anayekodisha chumba cha chini kwa baa anaketi safu ya kwanza Ijumaa, na hakuna khutba inayomgusa. Anachangia zulia la msikiti.

Kijana akijificha, nani anafaidi? Muuzaji. Mtu mwenye aibu hawezi kusimama na kusema "mliniuzia sumu". Februari 2024, kijiji cha Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ya sumu, na iliripotiwa kwamba ile pombe ilitoka kwenye vielelezo vilivyokuwa vimehifadhiwa kituo cha polisi. Soma tena hapo. Mei 2014, Embu, Kiambu na kwingine, makumi ya watu walizikwa kwa sababu ya methanoli. Methanoli haina tofauti kubwa ya ladha. Mwili unaigeuza kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho, ndiyo maana wengine huamka wakiuliza mbona taa zimezimwa. Mwenzako akisema haoni vizuri, usimcheke, na usimwambie alale.

Na hii ya "wacha alale itaisha" ndiyo inaua. Mtu akiacha kunywa, pombe iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu, kwa hivyo anaweza kuwa mbaya zaidi usingizini kuliko alivyokuwa akicheza. Kahawa haisaidii. Maji baridi hayasaidii. Mlaze ubavu, asilale chali, maana matapishi yatamziba. Usimwache peke yake. Ukimwita haitiki, au pumzi zinakatika kwa sekunde kumi hivi, au midomo inabadilika rangi, hiyo ni hospitali, saa hiyo hiyo. Thika Level 5 haimpigii imamu wenu simu.

Nasikia mtu anasema, "Sheikh, unawafundisha kulewa salama." Ndugu yangu, Sheria inayomruhusu mwenye kufa njaa kula nyamafu ili aishi, itakukatazaje kumkimbiza mlevi hospitali? Kuhifadhi nafsi ni katika yale mambo matano makubwa. Akipona atatubu. Akifa pale godoroni, wewe ndiye utakayempigia mamake simu, na utamwambia nini? Kwamba mlikuwa mnamsitiri?

Dada zangu, nyinyi mnaonewa zaidi. Binti akidhulumiwa kwenye sherehe, swali la kwanza la jamaa zetu ni "alienda kufanya nini pale?" Basi ananyamaza, na yule mwanamume anaendelea na maisha, pengine mwaka unaofuata anagombea uongozi wa wanafunzi. Jueni sheria: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 43, inasema mtu ambaye akili yake imevurugwa na pombe au dawa hana uwezo wa kukubali. Nyamaza yake si ndiyo. Hata kama alikunywa kwa mkono wake mwenyewe. Dhambi yake ni baina yake na Mola wake, jinai ni ya aliyemvamia. Dawa za kuzuia Ukimwi zinafanya kazi zikianza ndani ya saa 72, na mapema ni bora. Asioge kabla ya kupimwa. Namba ni 1195, haina malipo.

Sasa haki zenu kama wakazi. Sheria ya pombe ya 2010, ile wengi wanaiita ya Mututho, inataka baa iwe umbali wa mita 300 kutoka shule. Lakini isome vizuri: inataja taasisi za walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Ndiyo maana ukitoka geti ya chuo chochote nchini unapokewa na chupa. Umbali huo haukulindi wewe. Kinachoweza kukulinda ni pingamizi. Leseni hutolewa na kaunti, na sheria inampa mkazi nafasi ya kupinga ombi kabla halijapitishwa. Mara ngapi jumuiya yenu ya wanafunzi Waislamu imepeleka pingamizi la maandishi kwa kamati ya leseni Thika? Mimi sikumbuki hata moja enzi zetu, nami nilikuwa katibu. Tulikuwa tunaandaa mihadhara ya "Madhara ya Pombe" kwa watu kumi na wanane wasiokunywa.

Hata saa zimewekwa: baa katikati ya wiki ni saa kumi na moja jioni mpaka saa tano usiku. Ukiona chini ya bedsita yako inafunguliwa asubuhi ukienda darasani, hiyo si "maisha ya Thika", ni kosa. Piga picha, andika tarehe, peleka kwa kaunti, nakala kwa chifu, nakala kwetu. Hatutataja jina lako. NACADA nao wana 1192, na hiyo ni ya wewe pia ukitaka kuacha na huna wa kumwambia.

Na wewe ambaye utakuwa kwenye ile keja usiku huu, maana najua hii hutaisoma ukaghairi: kabla ya Isha andika kwenye grupu yenu namba ya teksi inayoshika simu usiku wa manane, na jina la mmoja ambaye hataguza chupa. Kama hayupo wa kukubali, niandikieni inboksi. Simu yangu iko wazi mpaka alfajiri, na sitauliza wewe ni mtoto wa nani.