Dead Take inatisha kwa sura za watu, mafumbo yanaivuta shati

Gemu nyingi za kutisha humkimbiza mchezaji na mazimwi. Dead Take, iliyotoka Julai 31, 2025 kwa kompyuta, inamtisha kwa sura za watu wanaoongea kwenye video.

Imetengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza, kampuni ya Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Wengi wanamjua kwa sauti ya Bayek kwenye Assassin's Creed Origins.

Mchezaji anakuwa Chase, mwigizaji anayeingia usiku kwenye jumba la prodyuza mkubwa wa Hollywood kumtafuta rafiki yake, Vinny. Jumba limejaa vitu vya sherehe, ila watu hawapo.

Kinachoibeba

Waigizaji, basi. Neil Newbon na Ben Starr wamerekodiwa kwa kamera, sura zao halisi, siyo katuni. Mchezaji anaokota vipande vya video, anaviunganisha, na kinatokea kipande kipya kinachofichua siri nyingine.

Hofu yenyewe ni ya kweli: mtu yuko tayari kudhalilishwa kiasi gani ili apewe nafasi? Aliyewahi kukaa nje ya mlango wa bosi akisubiri kazi anaelewa bila kuelezwa.

Kinachoiangusha

Mafumbo. Tafuta ufunguo, tafuta namba ya siri, rudi korido ileile. Mashabiki wa Resident Evil wameyazoea zamani. Ukishazoea jumba, hofu inapungua. Halafu ni fupi, ni gemu ya saa chache tu.

Ila ufupi huo una historia. Aprili 2024 kampuni hiyo ilitoa Tales of Kenzera: Zau, hadithi ya kijana anayeomboleza baba yake, iliyotokana na Salim mwenyewe kufiwa na baba. Ilijengwa juu ya simulizi za Wabantu na ilikuwa na sauti za Kiswahili. Ilisifiwa, lakini Julai mwaka huohuo watu walipunguzwa kazi, na Oktoba timu nzima ya gemu ikapewa notisi.

Aliyewashika mkono ni Pocketpair ya Japani, watengenezaji wa Palworld. Kwa kampuni iliyotoka kwenye hali hiyo, jumba moja na waigizaji wachache ni hesabu inayoeleweka. Kilichopotea njiani ni Kiswahili na Afrika: hadithi imehamia Hollywood.

Mlola inahusikaje?

Kwa kijana wa Mlola, kule Lushoto, gemu zote mbili hazikutoka kwa simu. Anaziona YouTube, bando likiruhusu. Lakini somo la Dead Take linamfikia: hofu haihitaji mazimwi ya gharama. Inahitaji nyumba moja, kamera, mwigizaji anayejua kazi na hadithi yenye uzito.

Na hadithi Usambara zipo. Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu akaja kuwa mfalme wa Wasambaa, anasimuliwa kuwa alikuwa kigego: mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, ishara ya mkosi. Ndugu zake walimwogopa hadi wakamkataa.

Hiyo tayari ni gemu ya kutisha. Bado hajapatikana wa kuilipia, na Zau imeonyesha kuwa sifa peke yake hazilipi mishahara.