Hesabu si Mali ya Benchi la Mbele



Liko neno lisemwalo sana mabwenini mwetu, kwamba kichwa cha hesabu mtu huzaliwa nacho, na asiyezaliwa nacho na apishe. Mimi nalipinga neno hili, na zaidi napinga sharti lililotokana nalo. Chama chetu cha Hesabu hakimpokei mwanafunzi ila aliyepata alama za juu kabisa katika mtihani wa muhula. Nimekuwa mwanachama tangu Kidato cha Tatu, kwa hiyo sisemi kwa wivu.

Madhara ya sharti hilo si madogo. Yumo kijana wa Kidato cha Nne ambaye mama yake huuza samaki hapa sokoni Ggaba. Siku za likizo yeye ndiye mweka hesabu wa mama: kilo za ngege, bei ya barafu, deni la mwenye mtumbwi, vyote hukaa kichwani bila karatasi. Lakini Kiingereza cha mtihani humchelewesha. Mara mbili ameomba kuingia chamani, na mara mbili amekataliwa kwa ajili ya alama. Sasa asema kwamba akifika Kidato cha Tano ataacha hesabu kabisa. Nauliza, ni nani aliyepata hasara, yeye peke yake au sisi sote?

Tutazame mfano wa karibu. Kando ya ziwa hili hili, upande wa magharibi, uko mji wa Bukoba. Huko alizaliwa Verdiana Grace Masanja mwaka 1954. Alisoma hesabu na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata digrii ya kwanza mwaka 1976 na ya pili mwaka 1981. Kisha akaenda Ujerumani, na mwaka 1986 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari wa hesabu. Alichochunguza ni mwendo wa vimiminiko ndani ya bomba, vile visivyotii kanuni rahisi ambayo maji huifuata. Sisi wa Ggaba hatuna haja ya kuuliza kazi ya namna hiyo yafaa nini, maana mitambo ya hapa ndiyo ivutayo maji ya ziwa na kuyasukuma mabombani hadi Kampala.

Lakini sikumtaja kwa ajili ya digrii zake tu. Alipokwisha kupita, hakufunga mlango nyuma yake. Alifundisha Dar es Salaam na baadaye Rwanda, na huko kwao Tanzania akawa mratibu wa FEMSA, mpango wa kuwaendeleza wasichana wa Afrika katika hesabu na sayansi.

Wala vyuo vikuu havikuona aibu kuwahitaji wenzao. Mwaka 2002 Makerere, Dar es Salaam na Nairobi viliungana katika mpango mmoja wa hesabu, kwa msaada kutoka Uppsala, Sweden, ili kuwalea wanafunzi wa digrii za juu. Ikiwa Makerere yahitaji jirani, chama chetu cha watu tisa chajitoshelezaje?

Wako watakaosema kwamba mlango ukiwa wazi, walio hodari watacheleweshwa, na katika mashindano ya shule tutashindwa. Neno hili lina uzito, nami silidharau. Kumweleza mwenzako kanuni iliyomshinda huweza kula saa nzima. Lakini aelezaye huyaona mapengo yake mwenyewe. Ni mara ngapi tumejua jibu bila kujua sababu yake? Tena mashindano ni siku moja, bali chama ni cha mwaka mzima.

Kwa hiyo natoa mashauri matatu. Kwanza, sharti la alama lifutwe. Atakaye na aingie, mradi ahudhurie na ajaribu. Pili, swali lisomwe kwa Kiingereza, kisha lielezwe kwa lugha yoyote waielewayo wahusika, iwe Kiswahili, Kiganda au Kiacholi. Kanuni haigeuki kwa kugeuza lugha. Tatu, tuwaalike wasichana wa shule ya jirani walau mara moja kila muhula. Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14, wavulana watupu. Wasichana wa kwanza, sita, waliingia mwaka 1945. Ile ilikuwa miaka 23, nasi hatuna haja ya kungoja kiasi hicho.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlio mainjinia, walimu na makarani wa benki, safari hii hatuombi fedha. Njoni Jumatano moja, msimame mbele ya ubao, mtueleze swali lililowahi kuwatoa jasho.

Mkutano mkuu wa chama utakuwa mwanzoni mwa muhula ujao. Nitasimama kutoa hoja ya kulifuta sharti hili, nami nahitaji wa kuniunga mkono, kwa kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Wenye nia na wampe katibu majina yao kabla hatujafunga shule.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Ggaba.