Kuni mbichi zinakula hela yako ya vibarua

Juzi nilipita shamba la kijana mmoja huku Kimamba, palizi imepamba moto. Saa nane mchana vibarua 14 wamekaa chini ya mti wanasubiri maharage. Mama mpishi amejifunga kanga puani, macho mekundu, anapuliza magogo ya unene wa paja yanayotoa povu kwenye ncha. Kijana akaniambia, "Bwana shamba, kuni ninazo tele, ila huyu mama ni mzito." Nikamwonyesha lile povu. Hakuelewa.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Moto unayachemsha hayo kwanza, ndiyo ufike kwenye sufuria yako. Na ule moshi mzito ni kuni ambayo haijaungua, inapotelea hewani na kifuani mwa mama. Kwa hiyo yule kijana alilipa guta limbebee maji, akalipa mtu apulize maji, na watu 14 wakakaa saa nzima bila kushika jembe. Mbolea kaiandika kwenye daftari mpaka mfuko wa mwisho. Hiyo saa hakuiandika popote.

Najua baadhi yenu mtasema bwana shamba amerudi nyuma, dunia iko kwenye gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania kufikiwa ifikapo 2034. Naunga mkono, na nyumbani kwangu napikia gesi. Lakini ugali wa vibarua unasongwa leo, shambani, mbali na duka la mitungi. Kumwambia mkulima "tumia gesi" halafu ukawasha pikipiki ukaondoka, huo siyo ushauri. Sisi maafisa ugani tumeona aibu kuongelea kuni, na matokeo yake watu wanazichoma vibaya na wanakata miti mingi kuliko wanavyohitaji.

Mkaa nao usikudanganye. Kwenye tanuri la kienyeji la udongo, kilo 100 za kuni hutoa kama kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Kwa jiko la shambani, kuni kavu inakupa moto mwingi zaidi kutoka mti uleule.

Sasa kazi yenyewe. Masika ikiisha mwezi Mei, usikae. Kata magogo kwa urefu wa mkono, kuanzia kiwiko hadi vidole, kisha yapasue. Gogo lenye ganda linakaa na maji miezi na miezi; lililopasuliwa hadi unene wa kifundo cha mkono linakauka haraka zaidi. Miti mingi hupasuka kirahisi ikiwa bado mbichi, kwa hiyo ukingoja ikauke utaumiza mgongo bure. Shoka zuri na kabari mbili za chuma vinatosha. Fundi wa kuchomelea atakutengenezea kabari kutoka chuma chakavu. Na tafadhali, usipasue kuni ukiwa umevaa ndala.

Panga kwenye kichanja, zisiguse udongo. Juu weka bati chakavu, pembeni acha wazi upepo upite. Nimeona watu wanafunika rundo zima kwa turubai mpaka chini, eti mvua isiingie. Hapo unazipika kwa mvuke wake zenyewe.

Utajuaje zimekauka? Chukua vipande vitatu, viwekee alama, vipime kila wiki kwa mizani yako ya ufuta. Uzito ukiacha kushuka, tayari. Ukizigonga zinalia kama mbao, na ncha zina nyufa.

Mafiga matatu yanapoteza moto pande zote. Zungushia matofali na udongo, acha mlango mmoja, na chini weka vipande vya nondo ili kuni zikae juu na hewa ipite chini yake. Chochea kidogo kidogo. Ukijaza mlango, moto unakosa pumzi. Maharage yaloweke usiku, sufuria ifunikwe. Hilo la kuloweka halina gharama hata shilingi, na bado ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Kabla ya kununua kuni, angalia unachochoma moto shambani wakati wa kusafisha. Miti ya mbaazi baada ya kuvuna ni kuni nzuri. Magunzi yanawasha vizuri. Mnyaa usiulete jikoni, moshi wake unaumiza macho. Na msitu wa kijiji una utaratibu wake: pita ofisi ya kijiji kwanza, usije ukakamatwa na mzigo kwenye guta halafu unipigie simu mimi.

Kwa miaka ijayo, panda mijohoro mpakani. Iache mita mbili tatu kutoka mstari wa mahindi, maana inashindania maji na mwanga. Ukiikata usawa wa goti inachipua tena, huna haja ya kupanda upya. Kuni yake ina moto mkali ila ikiwa mbichi inatoa moshi kweli kweli, kwa hiyo nayo ipasue na uikaushe.

Yule kijana nimemwachia kazi ya kupima vile vipande vitatu. Mizani ni yake, chaki nilimpa mimi. Nitapita tena akianza kuvuna nione ameandika nini, na nimuulize yule mama kama bado anafunga kanga puani.