Kisangani: Tafuta habari kwa lugha zaidi ya moja

Tangu Februari 2023, mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu wengi na kukimbiza maelfu ya wakaaji, wengine kutoka komini ya Lubunga. Kwenye simu, kila upande unasoma habari zake tu. Ukiuliza Google “ni nani aliwaua watu wetu”, utaletewa kurasa zinazosema kama wewe. Andika “mzozo wa ardhi Lubunga”, kisha rudia kwa Lingala na kwa Kifaransa, ambako magazeti ya Kongo huandika zaidi. Mega zitaisha, ndiyo. Na picha ya maiti iliyoingia WhatsApp? Itafute kwanza kwa Google Lens: huenda ni ya zamani, ao ya nchi ingine.