Kidudu cha kahawa: joto linampandisha mlima, mashamba yaliyoachwa yanamlisha

Mkulima wa kahawa hapa Mashariki anamjua: kidudu mweusi, hafiki hata milimita mbili, anatoboa tunda na kula buni ndani. Wengine wanamwita skolite.

Asili yake ni hapa Afrika. Alifika Brazil mwaka 1913, Colombia 1988, Hawaii 2010. Aliwezaje? Dume haruki, anaishi na kufa ndani ya tunda. Jike anapandwa na kaka yake humo humo, anatoka akiwa tayari kutaga. Kwa hiyo jike mmoja ndani ya gunia anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Kinachomzuia ni baridi. Ndiyo maana robusta ya mabondeni inaumia kuliko arabika ya milimani: juu ya mita 1,500 alikuwa haba. Sasa joto linaongezeka, na yeye anapanda.

Joto hatuwezi kulizima. Lakini kati ya msimu na msimu kidudu huyu anajificha ndani ya matunda yaliyobaki mtini na yale yaliyoanguka chini. Kuyaokota yote ndiyo dawa ya kwanza, na haiuzwi dukani.

Shida yetu iko hapo. Shamba ambalo mwenyewe amelikimbia sababu ya vita, nani ataliokota? Jike haulizi mpaka. Jirani aliyebaki anasafisha kwake, halafu anavamiwa kutoka ng'ambo ya ua. Kooperative zinazopanga kufufua kahawa ziweke na mashamba hayo kwenye hesabu, kwa makubaliano na wenyewe, popote walipo.