Tudai Mboga kama Tunavyodai Shilingi



Sisi tunaozunguka mashambani na viwandani kwa kazi ya Chama tumezoea kuandika katika ukurasa huu juu ya mishahara, kilo, saa za ziada na barua za kufukuzwa. Leo tunaandika juu ya sahani ya chakula. Twawaomba msicheke kabla ya kusoma mpaka mwisho, kwa sababu jambo hili lilitupita sisi wenyewe, na mwenzetu mmoja ndiye aliyelilipia.

Mwenzetu huyo alikuwa mama mchumaji katika shamba moja la chai upande wa magharibi mwa Uganda. Alikuwa amechuma zaidi ya miaka ishirini, na wasichana wengi wa shamba lile ni yeye aliyewafundisha kazi. Kisha kilo zake zikaanza kushuka. Nyapara akamwonya kwamba amekuwa mvivu, tena anachanganya majani magumu na majani mateke. Akapewa barua. Alipotuletea barua ile, tulikwenda kwa meneja tukabishana nusu siku juu ya utaratibu wa maonyo, na mwisho barua ikafutwa. Tulirudi tukijisifu. Miezi mitatu baadaye mama akaacha kazi mwenyewe.

Mmoja wetu alipomtembelea nyumbani alimkuta akichambua maharagwe kwa kuyapapasa. Mawe aliyatambua kwa vidole, si kwa macho. Ndipo tulipofahamu. Tulikuwa tumeitetea barua yake, wala hatukumwuliza hata mara moja kama anaona.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza. Kila tunapofanya mkutano, iwe kwenye chai, kwenye miwa au kiwandani, tunawaomba wenye umri wa miaka 40 na zaidi wasome namba zilizo kwenye hati ya mshahara bila kusaidiwa na kijana. Wengi hushindwa. Huinyoosha hati mbali mpaka mkono unaisha, wakacheka, wakampa mtoto wa jirani asome. Mtu asiyeweza kusoma hati yake atajuaje kama amepunjwa? Na asiyeona mshale wa mizani atamwamini nani ila karani?

Sasa ni lazima tuseme ukweli wote, maana kuna watu wanaopita kambini wakiuza maji na mizizi ya kutia machoni, nasi hatutaki kuwa kama wao. Chakula hakitibu kila ugonjwa wa macho. Mtu akishapita miaka 40, lenzi iliyo ndani ya jicho huanza kukakamaa, na vitu vya karibu humpotea. Hali hiyo huwafikia meneja na mkata miwa vilevile, na hakuna karoti inayoizuia. Dawa yake ni miwani. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Assam, nchini India, kwa wachumaji wa chai 751 wenye umri wa miaka 40 au zaidi. Kundi moja lilipewa miwani ya kuonea karibu, la pili likangojea. Waliopewa miwani waliwazidi wenzao kwa ongezeko la zaidi ya sehemu moja kwa tano ya kilo za kuchuma. Mama yetu hakuwa mvivu, ndugu zangu.

Mtoto wa jicho naye ni hivyo hivyo. Ukungu ukishaifunika lenzi, hakuna jani wala asali inayouondoa. Hutolewa kwa upasuaji hospitalini. Na kuna presha ya macho, ambayo huiba kuona pole pole bila maumivu, nayo hugunduliwa na mpimaji tu. Kwa hiyo asiambiwe mtu yeyote ale mboga badala ya kwenda kupimwa.

Basi chakula kinafanya nini? Kinafanya mambo matatu, na yote matatu huanza miaka mingi kabla ya uzee.

La kwanza ni vitamini A. Nyuma ya jicho kuna pazia linalopokea mwanga, nalo haliwezi kufanya kazi usiku bila vitamini hiyo. Mtu akiikosa, hujikwaa magharibi inapoingia wakati wenzake bado wanaona njia. Profesa George Wald wa Marekani alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel mwaka 1967 kwa kazi ya kueleza jinsi jicho linavyotumia vitamini hii. Mwili wetu huipata katika ini, mayai na maziwa, au huitengeneza kutokana na rangi ya njano iliyo ndani ya viazi, papai, embe na mboga za kijani kibichi.

La pili ni sehemu ya katikati ya pazia lile, ile inayotuwezesha kusoma na kutambua uso wa mtu. Sehemu hiyo ina rangi yake ya njano, inayopunguza ukali wa mwanga. Mwili hauwezi kujitengenezea rangi hiyo. Huitoa katika mboga za majani, kiini cha yai na mahindi ya njano. Uzeeni sehemu hii huweza kuchakaa, mtu akaona pembeni lakini katikati pakawa na giza. Wamarekani walifanya uchunguzi mkubwa wa vidonge vya vitamini na zinki, wakautangaza mwaka 2001. Vidonge vilipunguza kwa kama robo hatari ya ugonjwa kufikia hatua mbaya, lakini kwa wale tu waliokwisha kuugua kiasi. Uchunguzi wa pili wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba vidonge vya karotini viliongeza saratani ya mapafu, hasa kwa watu waliowahi kuvuta sigara. Tumejifunza nini hapo? Kwamba asiyeagizwa na daktari asikimbilie vidonge vya dukani. Rangi hizo azitafute sufuriani, wala sigara asiiguse, maana ni adui wa pazia hilo na wa lenzi pia.

La tatu ni sukari. Ugonjwa wa kisukari huharibu mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya jicho, tena mwanzoni bila dalili yoyote. Sisi tunaofanya kazi katika miwa tunaijua sukari kuliko wengi, lakini tunainywa kama kwamba haina deni. Chai ya asubuhi vijiko vinne, soda saa sita, soda tena siku ya mshahara. Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Sasa tutazame sahani yetu. Saa sita ni posho na maharagwe. Jioni ni posho na maharagwe. Maharagwe si mabaya, ni chakula cha nguvu na tunayaheshimu. Lakini posho yetu hutoka katika mahindi meupe, na mahindi meupe hayana rangi ile ya njano tunayoisema. Wala katika maharagwe hatuipati vitamini A. Mtu anaweza kushiba kila siku kwa miaka thelathini, na macho yake yakawa na njaa.

Wazee wetu walioletwa mashambani wakati wa ukoloni walijua vizuri maana ya neno posho. Lilikuwa fungu la chakula alilopimiwa mtu na bwana ili apate nguvu ya kufanya kazi kesho. Hakuna aliyepima nguvu ya kesho kutwa, wakati mtu amezeeka na kurudi kwao. Ukoloni umekwisha, lakini kipimo kile kimebaki katika masufuria mengi ya kambini. Hesabu bado ni ya kesho tu.

Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wetu hukatwa kwa ajili ya NSSF, na mwajiri hutoa asilimia 10. Twakubali, kwa sababu tunajua mtu atafika miaka 55 na atahitaji kitu mkononi. Macho hayana mfuko wa namna hiyo. Atakayepokea fedha zake na asiweze kuzihesabu, atahesabiwa na wengine.

Wengine watasema, mshahara huu utanunua mayai ya wapi? Swali hilo ni la haki. Lakini chakula cha macho, sehemu kubwa, si chakula cha matajiri. Dodo huota hata nyuma ya choo. Mti mmoja wa mpapai karibu na nyumba hulisha jamaa nzima. Viazi vitamu vya rangi ya machungwa huota kwa mbegu za marando, na jirani humpa jirani. Mtaalamu wa Uganda, Dakta Robert Mwanga, aliwekeza miaka mingi katika kuzalisha viazi hivyo, na mwaka 2016 akapewa pamoja na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani. Aina za Kabode na Vita, zilizotolewa mwaka 2007, zinalimwa Uganda. Ni aibu kazi hiyo isifike kambini kwetu. Mukene nao, wanaoliwa wazima na vichwa vyao, hupatikana kwa kikombe sokoni.

Mpishi naye ana kazi yake. Vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta, basi mboga na itiwe kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa. Isichemshwe mpaka ikafa rangi. Mwenye kukausha mboga na aianike kivulini, maana jua kali huiharibu.

Lakini hatukuandika haya ili kila mtu aende akahangaike peke yake na mpapai wake. Tunakuja kwenye jambo la Chama. Tunapojiandaa kwa mazungumzo ya mkataba mwingine, tunapendekeza matawi yote yapeleke madai haya manne pamoja na madai ya mshahara, wala yasiwekwe chini ya karatasi.

Kwanza, mahali ambapo mwajiri hutoa chakula cha mchana, mkataba utaje mboga za majani au viazi vya njano kila siku, na mayai au mukene angalau mara mbili kwa wiki. Isiandikwe "chakula" tu, maana neno hilo limetuletea posho na maharagwe tangu zamani.

Pili, kila jamaa inayokaa kambini ipewe kipande cha ardhi cha kulima mboga, na ruhusa ya kupanda mpapai. Kuna mashamba yanayokataza hata kitalu cha dodo mbele ya mlango, wakati magugu yanaachwa.

Tatu, kila mfanyakazi aliyefika miaka 40 apimwe macho na sukari mara moja kwa mwaka, na mwenye kuhitaji miwani ya karibu apewe. Uchunguzi wa Assam unaonyesha kwamba mwajiri mwenyewe atapata faida. Tumwekee mezani namba zile.

Nne, mtu asipewe barua ya uvivu kwa kushuka kilo kabla hajapimwa macho.

Tunajua watakaotupinga. Mameneja watasema kwamba mambo ya jikoni si ya mkataba. Tutawajibu kwamba walipotaka tufanye kazi, jambo la kwanza walilopima lilikuwa posho. Na baadhi ya wanachama wetu watasema, tupeni shilingi, chakula tutajua wenyewe. Kwao tunasema kwa upole, maana nasi tulikuwa wa maneno hayo: shilingi tulizopata mwaka uliopita zimekwenda wapi? Nyingi zimekwenda kwenye soda, sigara na waragi, na chache kwenye nyanya na papai. Hatulaumu mtu kwa kustarehe baada ya kazi ngumu. Tunasema tu kwamba kilichoandikwa katika mkataba hakiliwi na duka.

Yule mama bado yuko kijijini kwake. Tulimpelekea miwani ya karibu, si ghali, tuliyoichangia sisi kwa sisi. Siku alipoivaa alitazama mikono yake kwanza, kisha akaomba hati zake za mshahara za zamani alizokuwa amezifunga ndani ya kitambaa. Akazisoma moja moja. Katika mbili alikuta kilo zisizolingana na alizokumbuka. Imekwisha kupita, wala hatukuweza kufanya lolote.

Msingoje yafike hapo. Jumapili hii kila tawi liitishe mkutano, wenye miaka 40 wasome hati zao, na katibu aandike ni wangapi wameshindwa. Halafu mtuletee hesabu hiyo kabla ya mazungumzo kuanza. Tukiingia chumbani na hesabu ya kila shamba mkononi, hatutaambiwa tena kwamba tunaleta mambo ya jikoni.

Umoja ni nguvu.