Mtoto Huyu Asingojewe

Mzazi wa hapa Kakamega anapolalamika kwamba mwanawe ana kigugumizi, jibu alipatalo aghalabu ni moja: "Mwache, kitaisha akikua." Jibu hilo lina ukweli wake. Kigugumizi huanza hasa baina ya umri wa miaka 2 na 5, na takriban watoto watatu kwa kila wanne hupona bila ya tiba yoyote.

Lakini ushauri huo hutolewa pia kwa mtoto ambaye, licha ya kigugumizi, hawezi kutamka sauti ambazo wenzake wa rika wamekwisha kuzimudu, au hajui bado kuunganisha maneno. Huyu si wa kungojewa. Udhaifu wa matamshi ni mojawapo ya dalili kwamba kigugumizi huenda kikadumu, hasa kwa mvulana, au kwa mtoto ambaye ana jamaa aliyezeeka nacho.

Wapo washikiliao kwamba kigugumizi kitibiwe kwanza, matamshi baadaye. Hofu yao naielewa. Mtoto akidaiwa sauti ngumu katika sentensi ndefu, kusita huzidi. Basi na apunguziwe mzigo: majuma kadhaa ya kuzoea sauti katika maneno mafupi, pasipo kukaripiwa, kisha majuma ya usemi wa taratibu, mzazi akishiriki nyumbani. Kuahirisha kuna gharama yake. Afikapo miaka 6, mtoto huingia Gredi ya Kwanza na kutakiwa asome kwa sauti mbele ya wenzake. Vicheko vya darasani humfunza kunyamaza, na anayenyamaza hudhaniwa mjinga.

Hapa pana la kutahadharishwa. Mtoto wa Kiluhya asemaye "papa" badala ya "baba" hana ugonjwa wowote. Hiyo ni athari ya lugha mama. Anayekosea sauti za Kiluhya chenyewe ndiye wa kuangaliwa. Kwa hivyo apimwe kwa lugha ya nyumbani, wala asikatazwe kuisema.

Apimwe na nani? Wataalamu wa tiba ya usemi ni haba mno nchini. Majirani zetu wa Uganda walianza kuwafunza katika Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008. Hata hivyo, Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na zahanati. Mwalimu wa chekechea na muuguzi wana mwajiri mmoja. Naiomba serikali ya kaunti iwafunze wawili hao kuzitambua dalili hizi, na mtoto mwenye matatizo mawili apelekwe kwa mtaalamu mwaka huo huo wa kwanza wa chekechea.